Kinyozi Anayejinyoa

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki nzima. Wengine mmeniandikia kuuliza kama naumwa. Siumwi wandugu. Nilikuwa najenga kompaila.

Najua nusu yenu mmeshaanza kutafuta mlango wa kutokea. Subirini kidogo. Mimi ni mwandishi wa habari, hesabu tuliagana nazo kidato cha nne bila kinyongo, kwa hiyo kama mimi nimeielewa habari hii na wewe utaielewa. Halafu ni habari inayokuhusu, hata kama kompyuta kwako ni kitu cha kuangalizia sinema.

Mambo yalianzia Kariakoo. Nilinunua kompyuta ya mezani, mtumba, lile sanduku kubwa la kuweka chini ya meza, RAM gigabaiti 4, ikiwa na Windows iliyochakachuliwa tayari imo ndani. Bei ya kirafiki, kama wanavyosema. Baada ya miezi miwili nikagundua ndani yake kuna programu ambayo sikuiweka, kila ninapoingia kwenye intaneti inatuma vitu mahali ambapo mimi sipajui. Nilipomrudia aliyeniuzia alicheka, akaniambia kompyuta zote ziko hivyo, nisiwe na wasiwasi.

Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi, tena wa haki. Kwenye mashine ile nilikuwa nimehifadhi sauti za watu watatu walionisimulia mambo ya kazini kwao kwa sharti moja tu, kwamba majina yao yasitoke. Mmoja wao ana watoto wanne na hana kazi nyingine. Nilifuta kila kitu nikaweka Linux, Debian. Nikalala usingizi mzuri siku moja. Ya pili yake likanijia swali ambalo ndilo lililonipoteza wiki nzima: sawa, hii Debian nayo nani kaipika? Nitajuaje kilichomo ndani?

Jibu la watu wa programu huria ni jepesi: msimbo chanzo uko wazi, usome. Haya. Ila kompyuta haiendeshi msimbo chanzo. Inaendesha sifuri na moja zilizotokana na huo msimbo, na kilichozitoa ni kompaila. Basi nikasema nitaijenga kompaila mwenyewe, kutoka kwenye msimbo wake, kwa mikono yangu.

Rafiki yangu anayefundisha vijana kuandika programu aliniangalia kama mtu anayetaka kufyatua matofali ili ajenge banda la kuku. "Kaka, si uandike apt install tu? Dakika mbili."

Mfasiri, si mkalimani

Kwa wale wasiojua, kompaila ni mfasiri. Mkalimani anakaa katikati ya watu wawili, kila sentensi ikitoka anaitafsiri papo hapo. Zipo programu za namna hiyo pia. Kompaila inakuchukulia kitabu kizima, inakwenda kukaa nacho chumbani, inarudi na kitabu kingine kwa lugha ya mashine. Ukishapewa hicho cha pili, cha kwanza mashine haikihitaji tena.

Haifanyi kazi peke yake. Kuna asembla inayogeuza maagizo kuwa tarakimu, kuna linka inayounganisha vipande, kuna maktaba ya C ambayo karibu kila programu huikimbilia. Vyote kwa pamoja wenyewe wanaviita mnyororo wa zana. Pete moja ikikatika hujajenga kitu.

Zamani mnyororo huu haukuwepo. Watu waliandika tarakimu za mashine wenyewe. Grace Hopper, mama mmoja mwanahisabati aliyekuwa pia afisa wa jeshi la majini la Marekani, ndiye aliyekaa na kuandika A-0 mwaka 1952 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC I. Kwa vipimo vya leo ilikuwa kama linka tu, inachukua vipande vilivyokwisha andikwa na kuviunganisha. Lakini neno kompaila katika kazi hii linatokana naye, na wakati ule wengi waliamini kwamba kompyuta ni ya kufanya hesabu, si ya kuandika programu. Mwaka 1957 John Backus na wenzake wa IBM wakatoa kompaila ya FORTRAN kwa ajili ya mashine ya IBM 704, na ubishi ukapungua sana, maana programu iliyotoka humo ilikimbia karibu sawa na ile ya fundi aliyeandika kwa mkono.

Halafu likaja jambo la ajabu. Mwaka 1962, pale MIT, Tim Hart na Mike Levin waliandika kompaila ya lugha ya Lisp kwa Lisp yenyewe. Walikuwa na mkalimani wa Lisp tayari, wakamtumia kuiendesha kompaila mara ya kwanza, wakaiambia: jifasiri. Ikajifasiri. Kuanzia hapo mkalimani hakuhitajika tena.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kompaila inajinyoa. Tena siku hizi ndiyo desturi: kompaila kubwa ya C na C++ imeandikwa kwa C++, ya Rust imeandikwa kwa Rust, ya Go kwa Go. Ukiuliza kompaila hii imetengenezwa na nini, unajibiwa: na kompaila ya jana yake. Na hiyo je? Ya juzi. Wakati ule niliona ni jambo la kuchekesha tu.

Chuo huru, kompaila si huru

Niliyoijenga mimi inaitwa GCC. Ina historia yenye watu ndani yake, na mimi watu ndio kazi yangu.

Richard Stallman alikuwa mtu wa maabara ya akili bandia pale MIT. Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa uendeshaji ulio huru, akauita GNU, na Januari 1984 akaacha kazi ili chuo kisije kudai kwamba kazi yake ni mali ya chuo. Ili kuandika mfumo lazima uwe na kompaila. Akasikia Uholanzi kuna moja inaitwa Free University Compiler Kit. Chuo chenyewe kwa Kiholanzi kinaitwa Vrije Universiteit, chuo huru. Akamwandikia mwenyewe, Andrew Tanenbaum, kuuliza kama GNU wanaweza kuitumia. Kwa simulizi ya Stallman, alijibiwa kwa kejeli kwamba chuo ndicho kilicho huru, kompaila siyo.

(Hapa niseme jambo. Waingereza wana neno moja tu kwa bure na kwa huru, na miaka arobaini sasa wanaharakati wa programu huria wanahangaika kueleza kwamba hawamaanishi bei. Sisi tuna maneno mawili tangu enzi za mababu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ule uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili Desemba 2004, haukuhitaji insha ndefu kueleza neno huria.)

Stallman akajaribu njia nyingine. Akachukua kompaila ya lugha iliyoitwa Pastel, kutoka maabara ya Lawrence Livermore, akaanza kuichonga ifasiri C. Ikamshinda kwa sababu ya tumbo lake. Ilikuwa inameza faili zima kwenye kumbukumbu, ikitaka megabaiti nyingi za eneo la stack, na mfumo wa Unix kwenye mashine za 68000 aliokuwa akiulenga ulitoa kilobaiti 64 tu. Akaiweka kando, akaanza upya kutoka sifuri. Ilipofika Machi 1987 akatoa toleo la kwanza la majaribio. Huyo ndiye GCC.

Nataka uone ukubwa wa jambo hili. Wakati ule kompaila ilikuwa bidhaa ya kuuzwa, na kampuni za Unix zilikuja kuitenga iwe kitu cha kulipiwa peke yake. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alipotangaza mfumo aliokuwa anauandika kama burudani tu, alitaja kwamba ameshaiwezesha gcc 1.40 kufanya kazi juu yake. Bila kompaila isiyo na bei wala kizuizi sijui angetumia nini. Leo Linux imo kwenye simu ya Android uliyoishika.

GCC yenyewe iliwahi kugawanyika. Miaka ya katikati ya 1990 watu walilalamika kwamba maboresho yanacheleweshwa na wachache wanaoshika ufunguo, na mwaka 1997 kundi likajitenga na kuanzisha tawi lao, EGCS. Tawi likawa na afya kuliko shina. Aprili 1999 shina likakubali yaishe, EGCS ikatambuliwa kuwa ndiyo GCC rasmi. Ni nadra sana kuona uasi wa aina hiyo ukimalizika kwa waasi kukabidhiwa nyumba, na hakuna aliyetimuliwa.

Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu

Turudi kwangu. Nilishusha GCC 14.2, kifurushi cha megabaiti 90 hivi. Ndani yake kuna skripti ndogo inayokuletea maktaba tatu za hesabu inazozihitaji: GMP, MPFR na MPC. Halafu unaendesha configure, halafu make, halafu unangoja. Kwenye karatasi ni mistari minne.

Kosa langu la kwanza: nilijenga ndani ya folda ile ile ya msimbo. Maelezo yanasema wazi tengeneza folda ya pembeni, mimi nikayaruka, kama tunavyoruka maelezo ya dawa. Kosa la pili: nilisahau kuiambia isijenge upande wa biti 32, kwa hiyo baada ya muda mrefu wa kusaga ikasimama ikilalamikia faili la maktaba ambalo mashine yangu haina. Chaguo la kuzima upande huo ni moja tu, multilib, ukilijua. La tatu ni uchu. Niliiambia ifanye kazi nane kwa wakati mmoja kwenye RAM ya gigabaiti 4. Kumbukumbu ikaisha, Linux ikachagua wa kumtoa kafara, na kwenye kioo nikasoma kwamba cc1plus imeuawa. Nikapunguza hadi mbili.

Usiku wa pili ilikwenda vizuri mpaka saa saba, umeme ukakatika. Sina betri ya akiba. Uliporudi, nikaandika make tena, maana make hujua ilipoishia. Kweli ikaendelea, halafu linka ikagoma: faili limekatwa katikati. Lilikuwa linaandikwa wakati giza linaingia, na make ilipoliona lipo ikadhani limekamilika. Nilifuta folda nzima ya ujenzi nikaanza upya. Siwezi kuwaambia nilichosema, mama yangu husoma hapa.

Usiku wa tatu, baada ya saa sita hivi za feni kulia, nikaona kitu ambacho sikukitegemea: inajijenga mara tatu. Mara ya kwanza kompaila ya zamani, ile iliyokuja na Debian, inajenga GCC mpya. Mara ya pili hiyo mpya inajijenga yenyewe. Mara ya tatu, iliyotokea hatua ya pili inajenga tena. Kisha inachukua mafaili ya hatua ya pili na ya tatu na kuyalinganisha baiti kwa baiti. Yakitofautiana ujenzi unasimama. Yakifanana, umefaulu.

Yangu yalifanana. Nilisimama pale chumbani saa tisa usiku nikashangilia peke yangu kama Simba wamefunga dakika ya tisini. Nikaandika programu ya mistari mitano inayosema Hodi. Ikasema Hodi. Nikamtumia rafiki yangu picha. Akajibu asubuhi kwa swali moja:

"Safi. Na hatua ya kwanza ulitumia kompaila ya nani?"

Mzee Thompson

Ken Thompson ni mmoja wa mababa wa Unix, pale Bell Labs. Yeye na Dennis Ritchie, aliyebuni lugha ya C, walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983. Kwenye hotuba ya kuipokea, iliyochapishwa Agosti 1984, wengine wangeshukuru kamati na kuketi. Yeye alieleza jinsi ya kuficha mlango wa wizi mahali ambapo hakuna macho yatakayouona.

Alianza na mfano mdogo ambao mimi nimeupenda kuliko hata wizi wenyewe. Katika lugha ya C kuna alama \v, ya kuruka wima, ambayo kwa mashine ni namba 11. Ukitaka kuifundisha kompaila alama hiyo mara ya kwanza, lazima umwandikie kwenye msimbo: ukikutana na \v, weka 11. Unajenga. Sasa kompaila inajua. Kwa hiyo unarudi kwenye msimbo, unafuta 11, unaandika: ukikutana na \v, weka \v. Unajenga tena. Inafanya kazi! Ile 11 haimo tena kwenye msimbo wowote. Imebaki kichwani mwa kompaila, na itarithishwa kwa kila kompaila itakayozaliwa nayo. Ni kama pilau ya bibi: aliyekuwa jikoni naye anajua kiungo ni kiasi gani, kwenye daftari kumeandikwa "cha kutosha".

Sasa badala ya 11 weka uovu. Thompson aliiwekea kompaila agizo: ukiona unafasiri programu ya login, ile inayouliza jina na nywila, ongeza kwa siri nywila yangu mimi. Hilo peke yake lingeonekana kwenye msimbo wa kompaila. Kwa hiyo akaongeza la pili: ukiona unafasiri msimbo wa kompaila yenyewe, ingiza upya maagizo haya yote mawili. Akajenga mara moja. Kisha akayafuta yote mawili kwenye msimbo. Soma login, safi. Soma kompaila, safi. Jenga kompaila upya kutoka kwenye msimbo huo safi, uovu unarudi. Jenga mara tatu na ulinganishe, zitafanana vizuri kabisa, kwa sababu zote zina ugonjwa mmoja.

Hapo nilikaa chini. Usiku wangu wa tatu, furaha yangu yote, ulinganisho ule haukuwa umethibitisha nilichodhani. Ulithibitisha kwamba kompaila inakubaliana na yenyewe. Mshukiwa akirudia maelezo yale yale mara tatu polisi, si ushahidi kwamba anasema kweli.

Na Thompson hakuwa anasimulia ndoto. Aliifanya kweli. Mwaka 2023, akiwa amepita miaka themanini, alisema mbele ya watu kwamba amekuwa akingoja mtu amwombe ule msimbo. Russ Cox akamwomba, akapewa, na mwaka huo huo akauchapisha na maelezo, kila mtu ausome. Ni mfupi, unatisha kwa ufupi wake.

Yaliyotokea kweli

Unaweza kusema hayo ni michezo ya wasomi. Mwaka 2009 kiligunduliwa kirusi kilichoitwa Induc. Hakikugusa programu za watu moja kwa moja. Kilitafuta kompyuta yenye Delphi, kikaharibu maktaba yake, na kuanzia hapo kila programu iliyojengwa hapo ilitoka imeambukizwa, na mwandishi wake hana habari. Septemba 2015 ikawa zamu ya China. Kushusha Xcode, zana za kujengea programu za iPhone, kutoka Apple kulikuwa kunachukua muda mrefu, waandishi wa programu wakawa wanazichukua kwenye hifadhi za karibu. Nakala hizo zilikuwa zimechezewa. Hata toleo moja la WeChat lilitoka na mdudu ndani.

Hapa wasomaji wa Dar mnaelewa bila kuambiwa. Nani kati yetu hajachukua programu kwenye flashi ya jamaa kwa sababu bando limeisha?

Lakini lililoninyima usingizi ni la Machi 2024. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili, xz. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kusaidia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, taratibu, kwa adabu, mpaka akakabidhiwa madaraka. Kisha matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma wa kuingilia seva. Alivyouficha ndivyo vinavyouma. Sehemu yake ilikuwa imejificha kama mafaili ya majaribio, na agizo la kuiamsha halikuwemo kwenye hifadhi ya msimbo ambayo watu huisoma. Lilikuwa kwenye kifurushi kile ambacho watu hushusha ili kujenga wenyewe. Yaani aliyesoma msimbo na aliyejenga walikuwa wanashika vitu viwili tofauti. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, kwa sababu aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na hakukubali kulipuuza.

Nikaangalia jina la kifurushi changu cha GCC. Kinaishia na .tar.xz.

Nilikagua toleo la xz kwenye mashine yangu. Halikuwa mojawapo ya yale mawili. Ila mikono ilitetemeka kidogo nikiandika hiyo amri, sitaficha.

Chanzo cha pili

Sasa dawa. David A. Wheeler aliandika mwaka 2005, na akaikamilisha kwenye tasnifu yake ya udaktari mwaka 2009, njia ambayo mhariri wangu angeielewa kwa sekunde mbili. Usiiulize kompaila kuhusu yenyewe. Tafuta nyingine, ya ukoo tofauti kabisa. Chukua msimbo wa GCC, ujenge kwa hiyo nyingine. Iliyotoka, itumie kujenga msimbo ule ule tena. Kisha linganisha na ile uliyokuwa unaishuku ilipojijenga yenyewe. Kama msimbo ni mmoja, na ujenzi hauchanganyi tarehe wala mambo ya bahati nasibu, matokeo yanapaswa kuwa sawasawa. Yakitofautiana, kuna anayedanganya. Yakifanana, basi ili udanganywe lazima kompaila zote mbili, za watu wasiojuana, ziwe zimekula njama ile ile.

Ni vyanzo viwili vinavyojitegemea. Siku yangu ya kwanza chumba cha habari niliambiwa hivyo hivyo, na habari yangu ikatupwa kwa sababu shahidi wangu wa pili alikuwa ameambiwa na shahidi wa kwanza.

Wengine wamekwenda mbali zaidi, na hawa ndio walionimaliza. Wanauliza: kwa nini tusianze bila kompaila kabisa? Ni kazi ngumu, na GCC yenyewe imeifanya ngumu zaidi. Tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013 imeandikwa kwa C++, kwa hiyo kompaila ya C tupu haitoshi tena kuijenga. Lazima upande ngazi ya matoleo ya zamani. Jeremiah Orians na Jan Nieuwenhuizen, pamoja na wenzao, wakaijenga ngazi hiyo kutoka chini kabisa. Unaanza na programu ndogo inayogeuza herufi za heksadesimali kuwa baiti, basi. Hiyo inajenga kubwa kidogo, hiyo nayo asembla, mpaka kompaila ndogo ya C iitwayo Mes, kisha TinyCC ya Fabrice Bellard, kisha GCC za kizazi cha 1999, kisha za baadaye, mpaka ya leo. Aprili 2023 watu wa GNU Guix walitangaza kwamba mfumo wao, wenye vifurushi zaidi ya 22,000, sasa unasimama juu ya mbegu ya baiti 357.

Baiti 357! Ujumbe wa kuomba ruhusa ya kuchelewa kazini ni mrefu zaidi.

Wao wenyewe wanakiri kuna pengo. Programu inayosimamia ujenzi huo, na kiini cha Linux kinachoiendesha, bado vinatoka nje ya ngazi. Na chini ya vyote kuna chipu, ambayo hakuna msimbo utakaokuonyesha kilichomo. Rafiki yangu alipofika hapo alinyanyua mikono: "Unaona? Mwisho utachimba mchanga wa silikoni mwenyewe."

Labda. Ila kati ya kuamini baiti 357 na kuamini sanduku la Kariakoo kuna umbali. Wale watu watatu hawakuniuliza kompyuta yangu ina nini. Waliniuliza kama wako salama, nikawajibu ndiyo, haraka haraka, kabla sijajua hata nusu ya haya. Sauti zao nimezihamishia kwenye diski nyingine inayokaa bila waya wowote, na wiki iliyopita nilikwenda kwa yule mwenye watoto wanne nikamweleza ukweli kuhusu ile programu niliyoikuta. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kulikuwa na jina lake kwenye faili. Nikamwambia halikuwepo, lilikuwepo la mtaa.

Ile mbegu nimeichapisha. Ukurasa mmoja tu, tarakimu 714 za heksadesimali, nimeibandika juu ya meza. Baiti nne za kwanza ni 7F 45 4C 46, alama ambayo programu za Linux huanza nayo, tatu za mwisho zikisomeka ELF. Nazifuata kwa penseli, nikiwa na kitabu cha maagizo ya chipu pembeni, moja baada ya nyingine. Jana usiku nilifika ya 60.